Nani Alimpika Chura?

Natumaini mmekwisha kukaa na daftari ziko mbele yenu. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chura. Najua wengine mtacheka. Chekeni tu, kisha msikilize, maana mnyama huyu mdogo aliwafundisha wataalamu mambo ambayo hawakuweza kuyapata kwa binadamu.

Nianze na kisa. Nilikwenda kutazama darasa moja la watu wazima, na siku hiyo palikuwa na mgeni aliyealikwa kuzungumza na wanafunzi. Mgeni yule alikuwa msemaji hodari. Katikati ya hotuba alitoa mfano ambao bila shaka hata ninyi mmepata kuusikia: kwamba ukimtia chura katika maji ya moto ataruka nje mara moja, lakini ukimtia katika maji baridi, kisha ukayapasha moto polepole, atatulia tuli bila kutambua lolote mpaka aive. "Nanyi msiwe kama chura huyo," akasema, na watu wakapiga makofi.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mkulima wa mpunga, akainua mkono. "Samahani, Bwana," akasema, "ni nani aliyempika huyo chura?" Darasa zima likaangua kicheko. Mgeni naye akacheka, akaendelea na maneno yake. Swali halikujibiwa.

Mimi nilirudi nyumbani nalo. Mzee yule hakuwa akifanya mzaha. Mtu aliyelima mpunga maisha yake yote amekaa na vyura kuliko sisi tuliosoma habari zao vitabuni, na mfano ule haukulingana na chura anayemjua. Basi leo nitajaribu kumjibu, maana jibu lipo, na watu waliompika chura wanajulikana kwa majina na kwa miaka.

Kwanza tumtazame chura mwenyewe. Yeye ni katika jamii ya wanyama waitwao amfibia, wengi wao wakianza maisha majini kama viluwiluwi kisha wakatoka nchi kavu. Pamoja naye wamo salamanda, ambao wana mkia na umbo linalofanana na la mjusi. Watu husema wanyama hawa wana damu baridi. Neno hilo hupotosha kidogo. Damu ya chura si baridi siku zote. Joto lake hufuata joto la mahali alipo. Mwili wako wewe hukaa karibu na digrii 37 za sentigredi, uwe Lushoto wakati wa kipupwe au Tanga wakati wa kaskazi. Chura hana jiko la namna hiyo mwilini. Maji yakiwa na digrii 15, naye ana digrii 15. Akiwa juu ya jani, ngozi yake yenye unyevu hukauka kidogo kidogo na kumpoza, kwa hiyo huenda akawa baridi kuliko hewa, lakini hawezi kwenda mbali na hali ya mahali pake.

Jambo hilo ndilo linalotawala mwendo wake. Msuli hufanya kazi kwa mabadiliko ya kikemia ndani yake, na mabadiliko hayo huenda haraka joto likizidi, hupungua kasi baridi ikiingia. Mtaalamu wa Uholanzi, Jacobus van 't Hoff, aliandika juu ya kasi ya mabadiliko ya kikemia mwaka 1884, na kutokana na kazi yake ikapatikana kanuni ambayo wanafunzi hujifunza hata leo: joto likiongezeka kwa digrii 10, mara nyingi kasi huwa maradufu, au hata mara tatu. Kwa binadamu kanuni hiyo haionekani upesi, kwa sababu mwili wake hauachi joto lipande na kushuka ovyo. Kwa chura huonekana waziwazi. Asubuhi yenye baridi unaweza kumwokota kwa mkono. Mchana jaribu kumwokota.

Wataalamu walimpenda chura kwa sababu nyingine pia. Msuli wake ukitolewa mwilini haufi mara moja. Huendelea kuitika kwa saa kadhaa ukitunzwa vizuri. Luigi Galvani wa Bologna, nchini Italia, alichapisha mwaka 1791 habari za miguu ya chura iliyorukaruka ilipoguswa na umeme. Tangu hapo vyura wakaingia katika vyumba vya majaribio vya Ulaya kwa maelfu, wala hawakutoka. Kwa sehemu hiyo ya historia siwezi kujifanya kwamba nafurahi, lakini haifai kuificha.

Sasa twende Königsberg. Mji huu ulikuwa wa Prussia, kando ya Bahari ya Baltiki. Siku hizi waitwa Kaliningrad, nao ni wa Urusi. Mwaka 1849 alifika huko kijana wa miaka 28, Hermann Helmholtz, kufundisha elimu ya kazi za mwili. Mwaka uo huo alikuwa ameoa. Yeye na mkewe Olga walijitia katika kazi ambayo mwalimu wake mwenyewe, Johannes Müller wa Berlin, alikuwa ameiona kama haiwezekani.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ukikanyaga mwiba, habari hupita katika mishipa ya fahamu kutoka mguuni mpaka kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, na amri ya kuinua mguu hurudi kwa mishipa ya fahamu pia. Je, safari hiyo huchukua muda gani? Watu wengi walidhani haichukui muda wowote. Wengine waliufikiria mwendo huo kuwa kama wa mwanga. Müller alisema kwamba huenda tusipate kamwe chombo cha kuupima.

Helmholtz alichukua msuli wa shavu la mguu wa chura pamoja na mshipa wake wa fahamu. Akatengeneza mtambo wa umeme wenye werevu wa ajabu: mshipa ulipogutushwa, mkondo wa umeme ulianza kupita katika kipimo, msuli ulipojikunja na kuinua uzito mdogo, mkondo ulikatika. Sindano ya kipimo ilisogea kwa kadiri ya muda uliopita katikati. Olga alikaa kando akiandika hesabu. Kwanza mshipa uligutushwa karibu na msuli, kisha mbali zaidi na msuli. Mara ya pili muda ulikuwa mrefu zaidi kwa tofauti ndogo mno, na tofauti hiyo ndiyo safari ya habari katika kile kipande cha mshipa.

Mwaka 1850 alitangaza matokeo: karibu mita 27 kwa sekunde. Andikeni hesabu hiyo. Ni kama kilomita 97 kwa saa, mwendo wa basi linalokimbia katika barabara nzuri. Sauti hewani hupita mwendo huo zaidi ya mara 12. Kwa kipande cha mshipa cha sentimita 5, muda wake haufiki sehemu mbili za elfu za sekunde. Ni kidogo sana, lakini si sifuri, na hapo ndipo dhana ya zamani ilipovunjika.

Tena aligundua kwamba mshipa ukipozwa, mwendo hupungua. Hili ndilo linalotuhusu leo. Chura aliye katika baridi hupata taabu mara mbili: habari hufika kwa kuchelewa, na ikifika, msuli hujikunja polepole. Kama safari ya habari ingekuwa jambo la roho tupu, lisilo na mwili, baridi ingelizuiaje? Wako watu walioona shida kulipokea jambo hilo. Hawakupenda kusikia kwamba amri ya nia ya mtu hupita kama tarishi apitavyo, na kwamba tarishi mwenyewe huchelewa kwenye baridi.

Ubishi huu wa roho na mwili ndio uliomfikisha chura sufuriani.

Mwaka 1853 Mjerumani mwingine, Eduard Pflüger, alitoa habari iliyowashangaza wengi. Chura aliyekatwa kichwa, ukimtia tone la asidi ubavuni, huinua mguu na kulifuta. Ukiuzuia mguu huo, huenda akatumia ule wa pili. Pflüger akasema: tazameni, kiwiliwili bila kichwa kinachagua njia! Basi fahamu haikai katika ubongo peke yake, bali imo pia katika ugwe upitao ndani ya uti wa mgongo. Wengine wakampinga vikali, na vita vya maneno vikaendelea miaka mingi.

Aliyeamua kuipima hoja hiyo kwa maji ya moto alikuwa Friedrich Goltz, ambaye naye alisomea udaktari Königsberg. Mwaka 1869 alichapisha kitabu juu ya kazi za ubongo na ugwe wa chura. Fikira yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama ugwe wa mgongo una fahamu, chura asiye na ubongo atahisi maji yanapata moto, naye atajaribu kukimbia. Akitulia, basi kile alichokiona Pflüger ni kazi ya mwili inayojiendesha, kama mlango wenye springi unavyojifunga wenyewe. Goltz akawatia majini vyura wa namna mbili, wazima na walioondolewa ubongo, akayapasha maji moto.

Chura aliyeondolewa ubongo alitulia. Joto likapanda, naye akabaki pale pale mpaka akafa. Chura mzima hakutulia. Maji yalipofika digrii 25 alianza kuhangaika akitafuta pa kutokea.

Ngojeni kidogo hapo, na mwenye kalamu apigie mstari. Chura aliyetulia mpaka akaiva, yule wa hotuba na mahubiri, alikuwa chura asiye na ubongo! Habari yake ilitoka kitabuni ikaingia midomoni mwa watu, na njiani mtu fulani akasahau kulitaja jambo hilo moja. Nikikumbuka makofi yale ya darasani, naona kusahau huko si kosa dogo. Mfano ulioambiwa watu wazima wenye akili zao timamu ulikuwa umejengwa juu ya kiumbe aliyenyang'anywa akili kwa kisu.

Lakini historia haiishii hapo, nami sitaki kuwadanganya kwa upande wa pili. Mwaka 1872 Mjerumani mwingine, Heinzmann, alitangaza kwamba hata chura mzima hutulia, iwapo maji yatapashwa polepole kweli kweli. Mwaka 1875 Fratscher akamuunga mkono. Sasa nani msema kweli, Goltz au Heinzmann?

Aliyesuluhisha jambo hili alikuwa Mmarekani, William Thompson Sedgwick, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, na baadaye akawa mwalimu mashuhuri wa afya ya jamii. Katika miaka ya 1880 aliyaweka majaribio hayo pamoja na kutazama saa. Goltz alikuwa ameyapandisha maji kutoka digrii 17.5 hadi 56 kwa muda wa dakika kama 10. Hiyo ni karibu digrii 3.8 kila dakika. Heinzmann alianza digrii 21 hivi akaishia 37.5, lakini alitumia dakika 90. Hiyo haifiki hata digrii 0.2 kila dakika. Sedgwick akasema kwamba joto likipanda polepole mno, hata chura mzima huenda asishtuke. Likipanda kwa kasi zaidi ya hapo, hata kasi ambayo mtu angeiita ya polepole, chura mzima hatulii kabisa. Wakuu wale hawakuwa wamedanganya. Kila mmoja alikuwa amejibu swali lake, na wasomaji wakadhani ni swali moja.

Na ile nusu ya kwanza ya mfano, kwamba chura akitupwa katika maji yanayochemka ataruka nje salama? Hiyo nayo si kweli. Maji yanayochemka huiharibu misuli yake kabla haijapata kumsaidia. Hata habari ingefika kwa mwendo wa Helmholtz, ingemkuta mtumishi asiyeweza kazi tena.

Baada ya hapo chura alipata wataalamu waliomtazama kwa shabaha nyingine. Mmojawapo alikuwa Mwingereza Archibald Vivian Hill, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Otto Meyerhof. Hill alipima joto linalotolewa na msuli wa chura ukijikunja, nalo ni sehemu chache za elfu za digrii moja. Mwaka 1938, akiwa London, alitoa kanuni inayohusisha uzito ambao msuli unavuta na kasi ya kuuvuta. Jaribio lake alilifanya kwa msuli uliopozwa mpaka digrii 0, joto la barafu inayoyeyuka. Alikuwa na sababu: msuli wa baridi huenda polepole, na kitu kinachokwenda polepole hupimika. Kile kinachomdhuru chura asubuhi ya baridi, Hill alikigeuza kuwa chombo cha kazi.

Upande wa joto jingi, wataalamu wawili wa Marekani, Cowles na Bogert, waliokuwa wakichunguza wanyama watambaao wa jangwani, walileta mwaka 1944 kipimo kipya. Hawakuuliza mnyama hufa kwa joto gani. Waliuliza ni kwa joto gani mwendo wake huvurugika hata asiweze kujiokoa kutoka mahali patakapomuua. Mwaka 1961 Victor Hutchison akalitumia swali hilo kwa salamanda, na baada yake vyura wengi wakapimwa vivyo hivyo. Ikaonekana kwamba kiwango hicho hubadilika: aliyekaa siku nyingi katika joto huvumilia zaidi kuliko aliyetoka kwenye baridi. Mwaka 2002 Hutchison aliulizwa juu ya mfano wa sufuria, akasema hauna ukweli. Katika majaribio ya namna hiyo maji hupashwa kwa digrii kama 1.1 kila dakika, na kadiri joto linavyopanda ndivyo chura anavyozidi kuhangaika. Chombo kikiwa wazi, hutoka.

Kuna habari moja zaidi ambayo siwezi kuiacha. Mwaka 2011 wachunguzi wa Marekani, Stephen Deban na mwenzake, walitoa habari za salamanda wa milima ya Sierra Nevada, California, anayewinda wadudu kwa kurusha ulimi. Kwa kanuni ya van 't Hoff, baridi ingemfanya afyatue ulimi kivivu, naye angelala njaa. Sivyo. Ulimi wake hurushwa katika baridi karibu sawasawa na katika joto. Kinachochelewa ni kuurudisha mdomoni. Fikirini upinde. Mzee dhaifu na kijana mwenye nguvu hawauvuti kwa haraka moja, lakini upinde ukishavutwa mpaka mwisho, mshale hauulizi nani aliyeuvuta. Msuli wa salamanda huvuta polepole na kuziwekea nguvu nyuzi zinazonyumbuka, kisha nyuzi hizo zikiachiwa hurusha ulimi. Kurudisha ni kazi ya msuli mtupu, na msuli haukwepi baridi.

Niliporudi katika lile darasa nilimtafuta mzee mkulima wa mpunga, nikamsimulia habari hizi za Goltz na Heinzmann. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mwalimu, shambani kwangu jua likiwa kali huwaoni. Wako chini ya tuta, kwenye matope. Jioni hutoka. Huyo wa kwenye sufuria alizuiliwa na nani?"

Hilo ni swali la pili, na ni zito kuliko la kwanza. Chura huishi kwa kuhama: kutoka juani kwenda kivulini, kutoka majani makavu kwenda majani mabichi. Katika milima ya Usambara na Uluguru wako vyura wasiopatikana mahali pengine popote duniani, wamezoea ubaridi na unyevu wa misitu ile. Joto la dunia likipanda, wao husogea juu, na mlima una kilele. Uchunguzi wa dunia nzima uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba karibu aina 41 katika kila 100 za amfibia zimo hatarini kutoweka. Sababu zake ni nyingi, kama vile magonjwa na kukatwa kwa misitu, lakini joto sasa limo miongoni mwa zile kubwa.

Kazi ya juma hili ni hii. Mtafuteni chura mahali alipotulia, msimguse. Tazameni ngozi ya koo lake inavyopanda na kushuka anapovuta hewa. Hesabuni mapigo hayo kwa dakika moja, alfajiri, kisha tena saa nane mchana. Mwenye kipimajoto aandike na joto la mahali pale. Asiye nacho aandike tu kama palikuwa na baridi au joto. Leteni hesabu zenu kwa mwalimu wa darasa. Na nawasihi, sufuria ziacheni jikoni.

Kwaherini mpaka juma lijalo.